Paa na tangi kabla ya rangi

Hakuna furaha inayoishinda ile ya kushika ufunguo wa nyumba yako mwenyewe, hasa baada ya kulipa kodi ya nyumba jijini kwa miaka na mikaka. Jamaa wengi wafanyao kazi Nairobi siku hizi huvuka Mlolongo na Athi River wakielekea mjini Machakos, mwendo wa kilomita 65 hivi, wakapata huko nyumba iliyokwisha kukaliwa na wengine au ile ambayo mwenyewe alishindwa kuimaliza. Bei yake huwa ni nafuu kidogo, na sababu huonekana mara tu unapofungua mlango: bati limeshika kutu, plasta inamomonyoka, bomba la jikoni linatoa upepo badala ya maji.

Hapo ndipo mume na mke huanza kutazamana. Pesa zilizosalia ni chache, mkandarasi wa kuchukua kazi yote hamumwezi, na Januari i njiani na karo yake. Je, mnaweza kuisimamia kazi hii wenyewe bila kuingia katika madeni wala kuwarudisha watoto nyumbani kwa kukosa karo?

Mnaweza, tena wengi wameweza. Lakini kuna jambo moja ambalo lazima mlishike kabla ya kununua hata msumari. Pesa za kutengeneza nyumba haziishi kwa sababu ya bei za dukani peke yake. Huisha upesi zaidi kwa sababu ya kazi kufanywa kinyume. Mtu hupaka rangi mwezi wa tisa, mvua ya Novemba ikapita katika paa bovu na kuiharibu, akalazimika kuinunua mara ya pili. Mwingine huweka vigae vya sakafu, kisha fundi wa mabomba akaja kuvivunja ili apitishe bomba. Kazi moja imelipiwa mara mbili. Kwa hiyo mpango wa kazi, yaani kipi kitangulie na kipi kifuate, ndio bajeti yenyewe.

KALAMU KABLA YA NYUNDO

Anza kwa daftari la kurasa nyingi. Zunguka nyumba nzima, chumba baada ya chumba, ukiandika kila kasoro unayoiona. Nenda mchana, uingie darini, uzime taa na kutazama kama miale ya jua inapenya kwenye mabati. Fungua kila bomba. Jaribu kila swichi na kila soketi. Funga na kufungua kila mlango. Kisha rudi wakati mvua inanyesha, kwa maana mvua ni mkaguzi asiyechukua hongo.

Ukiona ufa ukutani usikimbilie kuuziba. Tambarare za Athi, kuanzia Mlolongo hadi Katani, zina udongo mweusi unaovimba ukipata maji na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka pamoja nao. Kwenye vilima vya Iveti na Mua udongo ni mwingine. Chukua penseli, chora mstari mdogo kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe. Pima pia upana wake. Tazama tena baada ya msimu wa mvua. Ufa ambao haukusonga ni kazi ya fundi mwashi. Ufa uliopita mstari, au uliopanuka hata kidole kikaingia, ni kazi ya mhandisi, na kumlipa mhandisi kwa ushauri wa siku moja ni rahisi kuliko kujenga ukuta upya.

Mkisha kuandika yote, kaeni mezani, baba na mama na watoto wakubwa, muyagawe mambo hayo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ambayo yasipofanywa nyumba itaharibika au mtu ataumia: paa, nyaya za stima, choo na maji. La pili ni yale ambayo mtu anaweza kuishi bila kuyafanya kwa miezi kadhaa: plasta ya ndani, milango ya vyumba, sakafu. La tatu ni ya kupendeza macho: vigae, makabati ya jikoni, dari ya kisasa, geti la kuwaonyesha majirani. Hapa ndipo penye ugomvi, kwani kila mtu ana tamanio lake la fungu la tatu. Yaandikeni yote, msimnyime mtu, ila mkubaliane kwamba hakuna senti itakayoingia huko kabla ya fungu la kwanza kukamilika.

KALENDA YA MVUA

Machakos ina misimu miwili ya mvua. Mvua za masika huja kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Ukiisha kuijua kalenda hiyo, utaona kwamba inaweza kukuokolea pesa nyingi.

Jengo hunywa maji kama ngamia. Saruji huchanganywa kwa maji, na plasta mpya hunyunyiziwa maji kwa muda wa siku saba hivi ili isipasuke. Nyumba nyingi za Machakos hazina maji ya bomba ya kila siku, na mwenye nyumba asiyepiga hesabu hujikuta akinunua maji ya lori au ya mikokoteni wiki baada ya wiki. Gharama hii haimo katika bajeti za watu wengi, nayo hula pesa kimyakimya.

Sasa fikiria hesabu hii. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya paa la mita 100 za mraba huleta lita 100 za maji. Mvua ya jioni moja ya milimita 20 italeta lita 2,000; hata ukiondoa sehemu moja ya tano inayomwagika na kupotea, bado umebaki na lita 1,600. Mvua chache za namna hiyo zitajaza tangi la lita 5,000 na kumwaga.

Kwa hiyo panga hivi. Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi, tengeneza paa, funga gata na uweke tangi juu ya msingi imara. Mvua ya Oktoba na Novemba italijaribu paa lako na papo hapo kulijaza tangi. Maji hayo ndiyo utakayochanganyia plasta ya ndani na kuimwagilia. Plasta iache ikauke kiasi cha mwezi mmoja, kisha Januari au Februari, jua linapowaka, paka rangi. Kila kazi imeisaidia inayofuata, na mwenye kuuza maji hakupata chako. Kama umechukua nyumba mwezi wa kwanza, basi paa na tangi vimalizike Februari ili masika yasikukute wazi.

Wala tangi si la ujenzi tu. Mafundi wakisha kwenda, litabaki likiisaidia familia kwa kufua, kupika na kumwagilia sukuma wiki. Ni fungu la bajeti linalokurudishia pesa.

MFANO WA HESABU

Tuseme familia ina shilingi 400,000. Tarakimu hizi ni za mfano wa kugawa tu, si bei za dukani, kwani bei utaziuliza mwenyewe katika maduka matatu au manne ya vifaa vya ujenzi. Fungu lingeweza kugawanywa hivi:

Akiba ya dharura: Sh60,000
Paa na gata: Sh110,000
Tangi na mabomba: Sh90,000
Nyaya za stima: Sh60,000
Milango na madirisha: Sh30,000
Plasta na rangi: Sh50,000

Jumla ni Sh400,000. Tazama kilichoandikwa mwanzo. Akiba hutengwa kwanza, wala si kile kitakachobaki, kwa sababu hakibaki kitu. Nyumba iliyokwisha kukaliwa ni kama kifuniko cha chungu: hujui kilichomo hadi ukifunue. Ukitoa mabati ya zamani unaweza kukuta mbao zimeliwa na mchwa. Shilingi 15 katika kila 100 zisiguswe mpaka jambo la namna hiyo litokee. Lisipotokea, heri, hapo ndipo fungu la tatu litakapopata zamu yake.

Karo, nauli na chakula visiwe katika daftari hili hata kidogo. Pesa za nyumba ziwe katika akaunti yake au laini yake ya M-Pesa peke yake, ili ujumbe wa kila malipo uwe stakabadhi, na ili Januari isije ikagundua kwamba karo imegeuka kuwa kokoto. Nyumba inaweza kungoja muhula mmoja. Mtoto wa kidato cha nne hawezi.

KUNUNUA VIFAA

Nunua vifaa mwenyewe. Fundi anapokuambia kwamba anataka mifuko 20 ya saruji, mwombe akuonyeshe alivyofikia hesabu hiyo. Nawe uwe na yako. Mfuko mmoja wa kilo 50, ukichanganywa na mchanga kwa kipimo cha moja kwa nne, hupiga plasta ya unene wa milimita 15 kwenye ukuta wa mita za mraba 8 hadi 9 hivi. Pima kuta zako, gawanya, na utajua kama ni mifuko 20 au 12.

Rangi nayo ina hesabu yake. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7. Mzunguko wake ni mita 14. Zidisha kwa kimo, upate karibu mita 38 za mraba. Ondoa mlango na dirisha, zibaki 34. Kwa mikono miwili ya rangi ni mita 68. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita 10 za mraba hivi, kwa hiyo chumba hicho kinataka lita 7, na ndoo ya lita 20 itakaribia kumaliza vyumba vitatu. Plasta mpya hunywa zaidi, basi itangulizie rangi ya chini. Kwa vigae, ongeza moja kwa kumi kwa ajili ya vitakavyovunjika na kukatwa.

Saruji inapatikana kwa urahisi, kwani Athi River, iliyomo katika Kaunti hii hii ya Machakos, ina viwanda kadhaa vya saruji. Usiinunue yote kwa mara moja. Saruji iliyokaa wiki nyingi katika chumba chenye unyevu hushikamana ikawa jiwe. Nunua ya wiki mbili, uiweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mchanga wa mito ya Ukambani una sifa, lakini si kila lori lina mchanga safi. Uujaribu kabla ya kushusha. Tia mchanga hadi nusu ya chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha uache utulie kwa saa tatu. Mchanga utakaa chini, tope litakaa juu yake. Tope likikaribia sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, mwambie dereva ageuze lori. Muulize pia umetoka wapi. Kuchota mchanga ovyo kumeacha mito mingi ikiwa mitupu, isiyohifadhi maji ya kiangazi, na kaunti huhitaji kazi hiyo ifanywe kwa kibali. Mchanga wa wizi unaweza kukamatwa njiani ukiwa umekwisha kuulipia.

Kuhusu mabati, kumbuka kwamba geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Wauzaji wengine hutegemea mnunuzi kutolijua hilo. Tafuta alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, kwenye kila unachonunua, na zaidi kwenye nyaya za stima.

KUELEWANA NA FUNDI

Fundi mzuri ni rafiki wa familia, lakini urafiki huo hudumu kwa maandishi. Hata awe ni shemeji yako, andikeni karatasi moja: kazi gani, kwa kipimo gani, kwa siku ngapi, kwa malipo gani, na nani ananunua nini. Nyote wawili mtie sahihi. Jamaa wengi wamekosana milele kwa sababu ya ukuta mmoja uliojengwa kwa maneno matupu.

Kuna malipo ya kutwa na malipo ya kazi nzima. Ya kutwa yanafaa kwa kazi ndogo isiyopimika, kama kubomoa au kutafuta mahali bomba linapovuja, nawe uwepo. Ya kazi nzima yanafaa pale kazi inapopimika, kama plasta, paa au rangi, kwani hapo fundi akikawia hasara ni yake. Toa arabuni kidogo ya kuanzia, lipa sehemu kazi ikifika katikati, sehemu ikiisha, na ubakize kumi kwa mia. Kwa fundi wa paa, mwambie waziwazi tangu mwanzo kwamba kumi hiyo utampa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Anayejiamini hatakataa.

Nawe upande wako uwe mwadilifu. Fundi ana watoto kama wako. Siku ya malipo ikifika, lipa, usimzungushe. Fundi aliyelipwa kwa wakati hurudi kuziba tundu dogo bila hata kudai nauli.

Nenda kwenye kazi mara kwa mara. Mkiishi bado Nairobi, mpeane zamu: baba Jumamosi, mama Jumapili baada ya kanisa, au mtafute jamaa mwaminifu aliye karibu ambaye atapiga picha za kazi kila jioni. Kabla ya fundi kufunika mabomba na nyaya kwa plasta, zipigeni picha mkiweka futi kando yake. Miaka kumi baadaye, mkitaka kutoboa ukuta, mtaishukuru picha hiyo.

YASIYO YA KUJARIBU

Kusimamia mwenyewe si kufanya kila kitu mwenyewe. Kazi ya stima ni ya fundi aliye na leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Nyaya mbovu hazisamehi. Paa la zamani la asbesto lisivunjwe kwa nyundo, maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Liondolewe na watu wenye kibali, kwa utaratibu wa NEMA. Rangi za kale zinaweza kuwa na madini ya risasi, basi usizikwangue zikiwa kavu mbele ya watoto.

Kubadilisha rangi au kitasa hakuhitaji ruhusa ya mtu. Lakini ukitaka kuongeza chumba, kuinua ghorofa au kuondoa ukuta unaobeba paa, pitia kwanza ofisi ya mipango ya kaunti, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi. Mkandarasi utakayempa kazi kama hiyo awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ada ya kibali ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kubomolewa.

NGUVU YA MWETHYA

Pengine utasema kwamba haya yote yanafaa wenye pesa. Basi tazama vilima vinavyouzunguka mji wa Machakos. Katika miaka ya 1930, wataalamu wa kikoloni waliiona nchi hii kama ardhi inayokufa kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu chao kuhusu Machakos, wakaonyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua. Wakulima walikata matuta kwenye miteremko, shamba baada ya shamba, msimu baada ya msimu, kwa akiba zao na kwa mwethya, ule ushirika wa Wakamba wa kusaidiana kazi kwa zamu. Hakuna aliyengoja kupata pesa zote ndipo aanze tuta la kwanza.

Mwethya huo bado unafaa. Kuchimba mtaro, kusomba mawe, kuchekecha mchanga, kukwangua kuta na hata kupaka rangi ni kazi ambazo ndugu, majirani na vijana wa kanisani wanaweza kufanya Jumamosi moja kwa chakula kizuri na ahadi kwamba nanyi mtakwenda kwao. Yale yanayohitaji ujuzi mwachieni mwenye ujuzi.

Nawe mwanafunzi uliye likizoni usijifiche chumbani. Hesabu ya eneo na uwiano uliyofundishwa darasani ndiyo hii. Chukua utepe wa kupimia, shika daftari la familia, andika kila mfuko unaoingia na kila mfuko unaotumika. Mifuko iliyoandikwa haina miguu.

Yawezekana Desemba hii mtakula sikukuu katika nyumba ambayo kuta zake ni za rangi ya saruji tupu na sakafu haina kigae hata kimoja. Wageni wengine watanong'ona. Waacheni. Mvua itapiga juu ya paa, maji yatateremka kwenye gata hadi tangini, ndani pawe pakavu, na karo ya Januari iwe bado ipo. Rangi itafuata.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.